Kuhamisha stoo ya mafaili hapa Kisumu

Watu wangu, sai niko kwa mpango wa kuhamisha stoo ya mafaili ya ofisi na nawaambia kubeba ndio sehemu ndogo kabisa. Stoo ya sasa iko chini karibu na ziwa, tangu maji yapande 2020 ukuta wa nyuma haujawahi kukauka vizuri, unyevu unaingia kwa katoni, karatasi zinashikana, mchwa nao hawalali. Tunaenda upande wa Mamboleo, huko juu kidogo.

Bosi alitaka ghorofa ya pili, nikakataa mpaka injinia acheki sakafu, juu karatasi zikijaa shelfu ni mzigo mzito sana kushinda meza na viti.

Lakini kitu kinaninyima usingizi ni ile orodha. Kila katoni lazima iwe na namba, kilicho ndani, imetoka shelfu gani na inaenda gani, na ipigwe tiki ikipanda lori na tena ikishuka, kwa sababu faili ikipotea hapo katikati kuna mzee amefanya kazi miaka yote na atakuja kufuata pensheni yake akose barua ya kuajiriwa, na huyo utamwambia nini jamani? Pia hizo ni habari za watu, kuna sheria ya data ya 2019, si mzigo wa kuachia mtu wa mkokoteni.

Mafaili yanayotumika kila siku yatahama mwisho. Turubai tumepata. Mwenye anajua fundi mzuri wa shelfu za chuma hapa Kisumu aniinboksi tafadhali.