Kibao Kilichoganda

Mei 1987 masika yaliishika Mombasa kwelikweli. Nguo sandukuni zilinuka uvundo, milango ya nyumba zetu Mji wa Kale ikavimba ikawa haifungiki, na piano kubwa ya hoteli moja kule Nyali ikaanza kugoma. Ndipo akaitwa ami yangu.

Ami alikuwa fundi wa maudi na fidla, na mwenyewe akipiga udi kwenye tarabu za harusi. Kazi ya piano alifunzwa na mzee mmoja wa Kigoa. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nilichukuliwa nibebe mkoba wa vyuma, tena niwe mkalimani, kwa sababu usiku ule angepiga mwanamama kutoka Ulaya, mpiga piano wa kuzunguka nchi na nchi, na Kiingereza cha ami kilikuwa cha kuombea maji.

Tulifika saa mbili asubuhi. Ami aliugonga gotini uma wa sauti, kile chuma cha kupimia sauti, ule wa mitetemo 440 kwa sekunde, akausimamisha juu ya mbao na kusikiliza. Piano ina vibao 88 lakini nyuzi zake hupita 200, kwani sauti nyingi zina nyuzi tatu tatu. Ami alizifunga mbili kwa kitambaa, akaukaza mmoja, kisha akazifungua nyingine kuzifuatisha, moja moja, mpaka adhuhuri. Chini ya tumbo la piano tuliwasha taa ya umeme ipashe mbao joto na kufukuza unyevu.

Mgeni alikuja baada ya swala. Hakupiga wimbo wowote. Alibonyeza vibao vyote 88 polepole, kutoka sauti nene mpaka nyembamba, kama daktari anayepima mgongo wa mtoto. Kimoja cheusi, karibu na katikati, kilishuka kikaganda. Akakirudia. Kikaganda tena.

"Yuwasemaje?" ami akaniuliza.

Alisema kibao hicho ndicho roho ya kipande alichotaka kupiga, utangulizi mmoja, yaani kipande kifupi cha piano, wa mtunzi Chopin, ambao watu waliubandika jina la matone ya mvua. Sauti ile moja hurudiwa tangu mwanzo, mara nyingi mno, kwanza taratibu, halafu nzito kama dhoruba, halafu taratibu tena. Akatueleza kwamba Chopin alikuwa akizikamilisha tangulizi zake kisiwani Mallorca, Uhispania, majira ya baridi ya 1838 kuingia 1839, mgonjwa, kwenye mvua na unyevu, akitumia kinanda kibovu cha pale kwa vile chake kutoka Paris kilikuwa kimezuiliwa forodhani.

Ami alicheka kidogo kusikia forodha. Kisha akauliza swali ambalo nadhani lilimkaa rohoni tangu asubuhi. "Muulize, piano yake mwenyewe i wapi?"

Iko nyumbani, akajibu. Haibebeki. Kila mji hukutana na piano asiyoijua, mchana mmoja tu, na usiku watu humhukumu kwa sauti ya piano hiyo. Miaka kumi na tisa alikuwa akiishi hivyo.

"Maskini, mwana wa watu," ami alisema, na hilo sikulitafsiri. Yeye udi wake ulilala kando ya kitanda chake kila siku.

Alikichomoa kile kibao, akaonyesha mahali kitambaa cha sufu kilipovimba kwa unyevu na kubana pini. Akakikandamiza kwa koleo, kidogo, akajaribu, akakandamiza tena. Alirudia hivyo karibu saa nzima. Mgeni alipiga magoti sakafuni kando yake, akimshikia tochi.

Usiku tuliketi nyuma kabisa, ami na kanzu yake nyeupe. Matone yalipoanza nilimwona amefumba macho, kidole chake cha shahada kikigonga goti kwa kila tone. Nje mvua ilikuwa ikinyesha pia. Ilipofika ile dhoruba alinishika mkono akaubana hadi ukauma. Kibao hakikuganda hata mara moja. Watu waliposimama kupiga makofi, ami alibaki ameketi, akifuta uso kwa leso.

Keshoye tulirudi kuchukua taa. Mgeni alikwisha ondoka alfajiri kwa ndege. Mtu alikuwa ameizima taa usiku. Nilikibonyeza kile kibao cheusi, kikashuka, kikabaki huko huko chini.