Babu hakununua shamba la mwenye njaa

Babu hakununua mahindi yaliyo bado shambani. Aliyewahi kufanya biashara ya nafaka hapa Kibaigwa, mji wa soko la mahindi mkoani Dodoma, ataelewa uzito wa maneno hayo. Mwezi wa pili akiba ya nyumbani imekwisha, mahindi yamefika kiunoni na hayajabeba. Hapo ndipo mnunuzi anapopita na pesa mkononi. Mkulima ambaye watoto wake wamelala na uji mwepesi anakubali kuuza gunia la mwezi wa sita kwa bei ya madebe mawili, na gunia ni madebe sita. Mavuno yakifika, anavuna mali ya mtu mwingine. Nyumba kadhaa nzuri kando ya hii barabara kuu ya Dodoma na Morogoro zimejengwa kwa biashara hiyo. Siwataji wenyewe, kwa kuwa baadhi yao ni wazazi wa rafiki zangu.

Babu yeye alikopesha. Ukija Februari ukachukua madebe mawili ya mtama, baada ya mavuno unarudisha mawili, na la tatu kama mvua ilikuwa nzuri. Mvua ikikatika mapema, la tatu halidaiwi. Kwenye msiba wake wazungumzaji wengi waliiita sadaka, nami sikubaliani nao. Babu alikuwa mfanyabiashara hadi kwenye mifupa. Aliyekopa kwake aliona haya kupeleka alizeti na mahindi yake kwa mtu mwingine, hivyo mwezi wa saba foleni ya mikokoteni kwenye mizani yetu ilifika barabarani wakati wengine wanatuma madalali vijijini kutafuta mzigo. Alipata faida, na aliipata bila mtu kwenda kulia nyumbani kwake. Hilo kwangu ni kubwa kuliko sadaka.

Nadhani lilitokana na mama yake, aliyekuwa binti mdogo wakati wa Mtunya, ile njaa iliyoivunja Ugogo mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosa. Watu walitoa mifugo, wakatoa watoto, ili wapate chakula. Babu alikua akisikia nani alimnyima nani, na ukoo gani ulinunua nini kwa kibaba cha uwele. Wazee wa Kigogo hawasahau hesabu ya namna hiyo, hata wajukuu wa aliyenunua wanajulikana.

Mtaji wake wa kwanza ulitoka Kongwa. Waingereza walipoleta matrekta kulima karanga mwaka 1947, yeye alikuwa kijana anayeanza kuota ndevu, akaajiriwa kibarua wa kung'oa visiki. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa: udongo wa kiangazi mgumu kama saruji, mashine zimeharibika, mvua haikuja kama walivyopanga ofisini. Hakuwacheka wale Wazungu. Alishangaa tu kwamba watu wenye pesa nyingi kiasi kile hawakukaa na wenyeji wakauliza habari za mvua. Kwa mshahara ule alinunua chumvi, sabuni na mafuta ya taa, akaanza kuzunguka kwenye minada.

Miaka ya vijiji vya ujamaa naipita, maana hata yeye alikuwa akiipita.

Lakini mwaka 1983 lazima niuseme. Serikali ilipoanza msako wa wahujumu uchumi, wenye maduka wengi walishikwa na hofu, wengine wakatupa bidhaa porini usiku. Sabuni na sukari vilikuwa adimu, na kuwa na katoni nyingi ndani ilikuwa hatari. Babu alifungua milango yote ya stoo mchana, akaketi kizingitini na daftari. Kila gunia lilikuwa na jina la aliyeliuza, tarehe na bei. Walipekua, wakasoma, wakaondoka.

Na hapa kuna jambo ambalo sikulisikia katika hotuba hata moja ya mazishi. Daftari lile halikuandikwa na Babu. Mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Bibi alijiunga na darasa la jioni, akajifunza kusoma na kuandika. Babu alikuwa hodari wa hesabu za kichwani, ila kalamu ilimshinda. Tangu hapo madaftari yote ni mwandiko wa Bibi, herufi kubwa zilizolala kidogo kushoto. Yeye ndiye aliyejua nani anadaiwa, nani aachwe mpaka mwakani, nani hasemi ukweli kuhusu mavuno yake. Tukimwita Babu mjenzi wa ukoo huu bila kumtaja Bibi, tunasema nusu.

Kwa watoto wake alikuwa mkali. Hata pakiti ya kiberiti iliyotoka dukani kuingia jikoni iliandikwa. Aliwasomesha watoto wa kaka yake pamoja na wa kwake, mabinti kwa wavulana, na bado kila likizo tulibeba madebe.

Ukali huo ulimfikia hata baba yangu. Akiwa kijana, baada ya enzi ya ruksa ya Rais Mwinyi kuanza na Babu kununua mashine ya kusaga, baba alichukua pesa zake akanunua shamba bichi la mama mjane wa upande wa Kiteto. Babu hakupiga kelele. Mavuno yalipoletwa na kuanikwa uani, alipakia magunia yote kwenye lori, akampelekea yule mama, kisha akamwambia baba kwamba pesa aliyotoa Februari ihesabiwe kuwa mkopo wa kawaida. Baba na Babu hawakusemeshana msimu mzima. Habari hii nilisimuliwa na baba mwenyewe, tumekaa kwenye mkeka usiku wa matanga, mtoto wa yule mama akiwa amekaa nasi. Alikuwa amekuja na gunia la uwele kwa ajili ya waombolezaji.

Sasa familia inabishana. Madaftari ya mwisho yana madeni ambayo hayajalipwa, na baba mdogo anataka yakusanywe yote kabla mali haijagawanywa. Shangazi anataka yafutwe kwa heshima ya marehemu. Mimi ni mdogo kwenye kikao hicho, lakini niliomba nafasi nikasema hapana kwa wote wawili. Anayedaiwa madebe mawili arudishe mawili, mvua ikiwa nzuri, na stoo iendelee kukopesha Februari. Kuyafuta ni kuifunga biashara yake, na kuyadai yote mwaka huu ambao mvua imechelewa ni kuwarudisha watu wale wale kwa wanunuzi wa mashamba mabichi. Bibi alikuwa amekaa pembeni, hakusema lolote siku hiyo. Tunakutana tena Pasaka, na nimemwomba aje na daftari, asome yeye mwenyewe.