Mistari myeusi juu ya kofia

Jioni hii, barazani Ng'ambo, Unguja. Kofia za viua zinashonwa, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na juu globu mpya ya LED ya bei chee. Inang'aa kweli.

Saa moja tu, macho yanawasha na kichwa kinagonga.

Kamera ya simu ikaelekezwa pale. Mistari myeusi ikaanza kupita juu ya kofia, polepole, kama kivuli cha makuti.

Umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Kila mzunguko umeme hushuka hadi sifuri mara mbili, hivyo globu isiyo na kepasita (kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo) ya maana ndani yake hufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila huchoka. Tyubulaiti za choki (ile koili nzito ya kudhibiti umeme) zina tatizo hilohilo. Globu ya zamani ya waya ina nafuu, waya wake haupoi haraka (lakini lile joto lake, weee!).

Tafuteni globu isiyotoa mistari, rangi ya mwanga wake iwe kelvini 3000 hadi 4000 (si ya njano sana wala ya buluu). Anayeshona kwa mkono wa kulia aiweke kushotoni, kivuli cha mkono kisiangukie sindano.

Hebu ipimeni ya kwenu sasa hivi. Mistari ipo?