Siku moja maishani mwangu: korongoni Isimila

Saa 11 alfajiri, mwezi wa saba, baridi ya Kihesa, mtaa wetu hapa Iringa, inaingia hadi kwenye mifupa. Nawasha mkaa, nachemsha chai, nawavalisha watoto masweta, natoka. Jirani yangu anafagia uwanja, ananisalimu, kisha anauliza kama kila siku: "Leo tena unaenda kutembea na Wazungu?" Neno hilo la kutembea linaniuma. Ninaongoza watalii wenye pesa kidogo, wale wanaolala gesti na kupanda daladala na sisi. Ni kazi, na ninaisomea kila usiku.

Saa 1 na nusu namkuta mteja wangu mlangoni mwa gesti, kijana kutoka Ureno mwenye begi kubwa mgongoni. Jana tulikubaliana shilingi 40,000. Leo anataka 20,000, kwa sababu, anasema, njia anaiona kwenye simu. Tunavutana mpaka chai yake inapoa. Tunaishia 30,000.

Stendi, konda anatuambia, "Kaeni dada, tunaondoka sasa hivi." Tunakaa dakika 50. Wanapakia magunia ya viazi, wanashusha, wanapakia tena. Kijana anaangalia saa, ananiangalia mimi, kana kwamba gari ni langu.

Saa 4 tunashuka kwenye barabara kuu ya Mbeya, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, tunaingia kwa miguu hadi Isimila, eneo la mambo ya kale. Mzee anayetunza eneo ananipokea kwa Kihehe. "Kamwene, binti." "Kamwene, baba." Kijana analipa kiingilio, tunateremka korongoni.

Hapo ndipo huwa nasahau uchovu. Zile nguzo za udongo mwekundu zinasimama kimya, nyingine zimebeba kofia ya tabaka gumu kichwani. Kijana alishapita Kambodia, akaona Angkor Wat, hekalu la kale la mawe. Akaniuliza hekalu hili lilijengwa na nani. Nikamwambia halikujengwa. Ni maji ya mvua yamekata udongo laini miaka na miaka, penye tabaka gumu juu nguzo ikabaki. Uso wake ukaanguka. "Kwa hiyo hakuna magofu?"

Nikamwonyesha chini. Mashoka ya mawe, mamia, yamelala mchangani: yamechongwa pande zote mbili, ncha mbele, mengine mazito kiasi kwamba mkono mmoja hauyatoshi. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Johannesburg aliyaokota hapa akiwa safarini, na mwaka 1957 na 1958 timu ya mtafiti wa mambo ya kale Clark Howell ikaja kuchimba. Vipimo vya urani viliyapa umri wa takriban miaka 260,000. Angkor Wat ni ya karne ya 12. Wakati mashoka haya yanachongwa, hapa palikuwa na maji, na viboko ambao macho yao yalichomoza juu kuliko ya viboko wa leo. Mifupa yao imeonekana humu humu. Hapa mtu anaweza kuinama na kuona kazi ya mikono ya zamani hivyo bila kioo katikati. Nilimweleza yote haya kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Alinyamaza. Nikadhani ameelewa.

Tulikuwa tumeshapanda juu, jua limewaka, nilipoona begi lake limelegea upande mmoja. Nikamwuliza umebeba nini. Akatoa shoka. "Yapo mengi sana," akasema, "moja halitaonekana." Mwili wote uliniishia nguvu. Nikamweleza kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza, lakini hilo halikumgusa. Nikamweleza kwa namna nyingine: jiwe likitoka pale lilipolala, linabaki jiwe tu. Mtafiti anasoma limelala wapi, limeelekea wapi, jirani zake ni nani. Akasema basi atalitupa hapo mlangoni. Nikakataa. Tukarudi.

Hakukumbuka alipoliokota. Tulizunguka korongo lile, nguzo hii na ile, yeye akilalamika kwamba muda anaoulipia unapotea, mimi nimeinama natazama mchanga mpaka kiuno kikagoma. Sijui tulimaliza saa ngapi. Hatimaye nikaona kishimo chenye umbo la jani, mchanga wake bado una unyevu, mweusi kuliko pembeni. Nikalishusha shoka mle mwenyewe. Liliingia bila kubaki nafasi. Kijana alichuchumaa akaangalia muda mrefu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutoa simu.

Kalenga, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, tulikopanga kwenda baadaye, hatukufika tena. Daladala tatu zilitupita zimejaa. Tulisimama kando ya barabara malori yakitumwagia vumbi, sijala tangu asubuhi. Ilipopatikana ya nne nilisimama hadi mjini nimeshikilia bomba. Alinilipa 30,000 yangu kamili, akaniaga kwa mkono. Sikuwa na nguvu ya kuongea.

Giza limeshaingia ninapofika Kihesa. Miguu nimeiweka kwenye beseni la maji ya moto, watoto wanakula ugali na maharage. Simu inaita. Ni mzee wa Isimila. Nilikuwa nimemwelekeza ile nguzo kabla hatujaondoka.

"Binti, nilishuka kuangalia kabla sijafunga," anasema. "Nimeliona. Lipo palepale."