Kasuku wadogo wa njano: ninavyopanga jozi na kujua jike ni yupi kiotani

Hapa Lubumbashi swali ninaloulizwa mara kwa mara kuhusu kasuku hawa wadogo (budgerigar) ni hili: "Nimeweka wa njano na wa kijani pamoja, mbona watoto wote wametoka kijani?" Na mimi huuliza kwanza: wa njano alikuwa dume au jike?

Ninayemsema ni lutino, yule wa njano mwenye macho mekundu. Jeni yake, yaani kirithishi cha rangi hiyo, inakaa kwenye kromosomu Z, mojawapo ya zile zinazoamua jinsia. Kwa ndege, dume ana Z mbili na jike ana Z moja na W. Jike akirithi jeni hiyo moja tu, ni wa njano. Dume lazima aipate kwa baba na kwa mama. Akipata moja, anabaki kijani kabisa huku ameibeba ndani. Huyo ndiye mbebaji. Jike mbebaji hayupo, kwa hiyo muuzaji akikuambia "jike huyu wa kijani amebeba njano", usimwongezee hata faranga moja.

Jozi ninayoitegemea ni dume lutino na jike wa kijani. Majike wote huzaliwa njano, madume wote kijani wabebaji. Geuza jozi hiyo, jike awe lutino na dume awe kijani asiyebeba, na hutapata wa njano hata mmoja: madume ni wabebaji, majike ni kijani tupu. Rangi ni zilezile mbili, matokeo mbalimbali.

Ugumu ni kumpata dume lutino mwenyewe. Dume wa kawaida aliyekomaa ana ngozi ya buluu juu ya pua, lakini ya lutino haigeuki buluu. Inabaki ya waridi au zambarau hafifu, laini. Ndiyo maana huuzwa kama jike. Jike aliyekomaa na kuwa tayari kutaga ana ngozi ya kahawia iliyokauka kidogo. Tena mtazame macho juani: wa njano mwenye macho meusi si lutino, na hesabu hii haimhusu.

Mayai hutagwa moja kila baada ya siku moja, na kila moja huanguliwa baada ya siku 18 hivi. Kifaranga akitoka hana manyoya, kope zimefumba, lakini jicho linaonekana chini ya ngozi: kwa jozi ile ninayoitegemea, doa jeusi ni dume wa kijani, wekundu ni jike lutino. Usiandike daftarini siku hiyo hiyo. Kuna rangi nyingine inayorithiwa kwa njia hiyo hiyo, ya kahawia, ambayo macho ya kifaranga wake huanza yakiwa mekundu-mekundu kisha yanakuwa meusi ndani ya siku chache. Mimi nasubiri siku ya 10.

Kujua kama dume wa kijani ni mbebaji, nampa jike lutino. Njano mmoja akitokea, imethibitika. Vifaranga 7 wakitoka kijani wote, nafasi ya mbebaji kutoa matokeo hayo ni 1 kwa 128 tu, hapo naacha. Ukitumia jike wa kijani utahitaji vifaranga wengi zaidi, kwa sababu wa njano atatarajiwa mmoja tu kati ya wanne. Nafasi hizi ni za kila yai peke yake. Kiota cha mayai matano hakina deni la kukulipa.

Yote haya yanavurugika ukifuga jozi kadhaa ndani ya tundu moja, maana jike hupandwa na dume asiye wake. Jozi moja, tundu moja. Kabla ya kumpa jike dume mpya, namtenga wiki tatu, kwa kuwa mbegu za dume wa zamani hubaki mwilini mwake. Na usiku wa Juni na Julai baridi ikikaza, tafadhali usiwaingizie mbabula ya makala (jiko la makaa) chumbani: moshi wake huua ndege haraka, na mama akifa juu ya mayai hesabu nzima imepotea.

Buluu ni habari nyingine. Haikai kwenye Z, kwa hiyo hata jike huibeba. Kijani wawili wakizaa buluu, wote wawili ni wabebaji, na robo ya vifaranga hutarajiwa kuwa buluu. Buluu wawili hawazai kijani kamwe. Kijani akionekana kiotani mwao, tafuta baba mwingine.