Andika sululu tu

Kinachoniuma ni lile "tu". Angesema "andika sululu", yule ndege wa pwani, ningeandika na kusahau. Lakini Mzee wa kundi letu la kutazama ndege alisema, "Andika sululu tu, mwanangu," bila hata kuondoa jicho kwenye darubini, na tangu Jumamosi asubuhi kijineno hicho kinanizunguka kichwani kama mbu.

Mnaokumbuka aibu yangu mwaka jana, nilipokosea kuwataja wale shakwe, mtanielewa. Safari hii nilijiandaa. Wiki nzima, kila usiku, nilikariri: sululu wako wa aina mbili, mkubwa ana mdomo mrefu kupita kiasi, umepinda kama sululu yenyewe ya kuchimbia, mdogo mdomo wake ni mfupi, unajikunja karibu na ncha, na utosini ana milia miwili ya giza. Hata habari ya kuhamishwa idara kazini ilinipita nikiwa na milia hiyo kichwani.

Maji yalikuwa yanajaa, bamvua, na ndege wote walikuwa wakisogezwa kuelekea kwetu hatua kwa hatua. Mmoja akatua kwenye kile kipande cha mchanga kilichobaki. Mdomo mfupi. Nikapaza sauti mbele ya kundi zima: "Yule mdogo huyo!"

Mzee akatazama. Akakaa kimya muda ambao mtu angeweza kufunga kamba za viatu vyote viwili.

"Umeiona milia?"

"Jua lilikuwa linanipiga machoni."

"Andika sululu tu, mwanangu."

Basi. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nilimsimulia Bwana, mume wangu, jioni tulipokuwa tunarudi kumsindikiza kijana wetu (ndiyo, ameondoka, na mabegi yote matatu, sitaliandika leo). Akaniuliza, "Sasa kosa liko wapi hapo?" Nikamwambia aangalie barabara.

Jumapili nilirudi ufukweni peke yangu kabla jua halijatoka, nadhani kwa kisirani tu. Sululu hakuwepo. Walikuwepo wale vitwitwi weupe wanaokimbizana na wimbi: maji yakirudi wanayafuata, yakija wanageuka wote pamoja, miguu haionekani kwa kasi. Nilipiga magoti kwenye nyayo zao. Vidole vitatu vya mbele, cha nyuma hakuna, na kabla sijamaliza kutazama wimbi likafuta. Nikajikuta nacheka mwenyewe, suruali imelowa mpaka mapajani.

Mchana nikafungua kitabu upya, safari hii bila hasira, nikaona mstari niliouruka wiki nzima. Sululu mkubwa aliyezaliwa mwaka huu anafika pwani wakati wa vuli mdomo wake ukiwa haujamaliza kukua. Mfupi! Ukimwona bila kuiona milia, huwezi kuapa ni yupi. Mzee hakuniambia nimekosea, wala hakuniambia nimepatia. Aliniandikisha kile nilichokiona.

Kitabu kinaendelea kwamba mama yao huondoka kwanza, baba anabaki na makinda, kisha naye anaondoka. Makinda yanafuata baadaye, hayana wa kuyaonyesha njia. Nikaanza kutafuta mengine kama hayo, nikampata ndugu yao mmoja, wa ukoo huohuo ila mdomo wake umejipinda juu kidogo, ambaye Oktoba 2022 aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, siku 11, hakutua popote. Umri wake miezi mitano tu. Hili "tu" haliniumi. Nilikuwa nayasoma haya nimekaa kwenye kitanda cha kijana, kwa sababu intaneti inashika vizuri zaidi kule.

Nimemwandikia Mzee kuhusu midomo ya makinda. Amejibu, "Vizuri." Nimelisoma mara nne, kutazama kama kuna kitu nyuma yake.

Halafu usiku huu, nikipanga dawa za mama za wiki, nimehesabu vidonge vya presha. Vilitakiwa kubaki sita. Vimebaki tisa. Nimehesabu tena, tisa. Kesho nitamuuliza, na najua ataniambia anakunywa kila siku.