Na wale wa chini je?

Mwanangu hawezi tena kuangalia picha la vita bila simu mkononi. Jumamosi iliyopita kifaru kimetokea kwenye kioo, hakijafyatua hata risasi moja, keshasimamisha. "Baba, hapa wanasema kifaru hiki mwaka huo kilikuwa hakijatengenezwa." Mama yake akamwambia aache watu waangalie. Mimi nilinyamaza, maana pale sebuleni nilishatoka zamani. Nilikuwa Mwanga, mtaa wa Kigoma, ndani ya lile banda la video, nimeshika maiki iliyofungwa leso ili isinipige shoti.

Banda mnalijua, sitarudia habari ya mabati na jenereta.

Ilikuwa mwaka 1998, zile mvua za El Nino. Treni ikija inachelewa, na kanda zetu zilikuja kwa treni. Tulishaonyesha kila picha lenye mtu wa misuli na bunduki, hadi watoto wakawa wanatangaza nani anakufa kabla hajafa. Ndipo bosi akapewa kanda na Mzungu mmoja aliyekuwa anasubiri meli. The African Queen, picha la 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Katika maelezo yote ya yule Mzungu, bosi alishika neno moja: linahusu meli yenu, yaani Liemba, ile ya abiria ya Ziwa Tanganyika. Asubuhi hiyohiyo ubao ukatoka nje, chaki, mwandiko wangu: LEO USIKU, VITA YA LIEMBA. Kiingilio mia badala ya hamsini.

Na mwezi ulikuwa mpevu. Kwa asiyetoka ziwani: mwezi ukiwaka dagaa hawajali karabai, mitumbwi inalala mchangani Kibirizi, na vijana wenye hela mfukoni hawana pa kwenda. Walikuja wote. Juu ya hayo ilikuwa mkesha wa Pasaka, na mtafsiri wetu yuko kitandani na malaria. Bosi akaniangalia. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha tatu, tena cha kuibia.

Mbele kabisa, kwenye kiti alichokibeba mwenyewe kutoka nyumbani, alikaa mzee tuliyemwita Babu Stima. Alikuwa mchochea moto wa Liemba enzi za mvuke, kabla haijawekewa injini za dizeli miaka ya sabini. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko, ngozi laini, inang'aa kama ya mtoto. Bandani hakuwahi kukanyaga. Usiku ule alikuja kuangalia meli yake.

Saa nzima hakuna meli. Kuna mlevi mmoja na dada wa kanisa ndani ya kiboti, wanagombana mtoni. Niliwaita Chale na Roza. Nikasema Chale anamdai Roza nauli. Nikasema Roza ana mchumba jeshini. Nikiishiwa nasema "wanapanga mbinu". Wavuvi wakaanza kuimba "Meli! Meli!" na bosi akaanza kuangalia sanduku la hela. Walioniokoa ni ruba. Chale alipotoka majini ruba wamemganda mwilini, lile banda lilicheka hadi benchi moja likavunjika. Picha lilipigwa Kongo na Uganda, si ziwani kwetu, na hilo walishaliona mapema, walisamehe. Ila kila Chale akigusa kamba kuna mtu nyuma anaguna: "Huyo hajawahi kuvuta nyavu huyo."

Halafu meli ikatokea. Wameiita Louisa.

"Ndiyo hii?" wakauliza.

"Ndiyo," nikasema.

"Siyo," akasema Babu Stima, wala hakupaza sauti.

Mwisho wake wengine mnaujua. Chale na Roza wamekamatwa, nahodha Mjerumani anawafungisha ndoa, akimaliza anaamuru wanyongwe. Hapo sikuhitaji kuongeza chumvi. Kile kiboti chao kimepinduka, kinaelea tumbo juu na mabomu waliyoyaunda wenyewe yamechomoza puani, na meli inakifuata bila kujua. Watu wakaacha kutafuna karanga. Meli ikagonga. Spika yetu ilikuwa imepasuka, kwa hiyo mlipuko ulitoka kama mtu anayechana turubai, na banda zima likainuka. Stelingi hafi, bwana! Watu wanakumbatiana, kofia zinaruka, mmoja kanivuta shati karibu linitoke.

Katikati ya kelele hizo nikaona mkono umenyooshwa. Ule wenye kovu. Babu Stima aliunyoosha kama mwanafunzi darasani, macho yako kwenye televisheni.

"Na wale wa chini je?"

Sikumwelewa. Nikapunguza sauti ya deki.

"Wale wa chini, mjukuu wangu. Meli ilikuwa inatoa moshi. Moshi hautoki wenyewe. Wametoka?"

Kelele zikashuka, kwanza benchi la mbele, halafu la pili, hadi mlangoni. Nikageukia kioo. Maji, vipande vya mbao, na watu wawili wanaogelea wanafurahi. Wale wa chini hawakuonyeshwa wakifa, na hata walipokuwa hai sikumbuki kuwaona. Watu wote wakanikodolea macho. Bandani mwenye maiki ndiye anayejua.

"Wametoka, babu," nikasema, na sauti yangu ikazunguka kwenye mabati. "Wote. Wametokea upande wa pili, kamera haikufika."

Wakashangilia upya. Yeye aliniangalia kidogo, akasema, "Basi vizuri." Kisha akanyoosha mkono uleule, safari hii anataka maiki.

Aliyoyasema nimekuja kuyakuta vitabuni baadaye, karibu yote. Kwamba meli ile kwa jina la kwanza ni Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaja Dar kwenye masanduku, ikapanda reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kuteremshwa majini Februari 1915. Kwamba katika Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza walileta viboti viwili kupitia Kongo kupigana na meli za Wajerumani ziwani, vikaburutwa porini na ng'ombe na trekta za mvuke.

"Kimoja kinaitwa Mimi," akasema.

"Wewe?" akauliza mmoja nyuma.

"Si mimi. Mimi!"

Hapo tulipoteza dakika tano. (Ni kweli kiliitwa Mimi, na mwenzake Toutou, na kamanda wao, Spicer-Simson, alikuwa na tabia ya kuvaa sketi. Ningelitia hilo kwenye picha mngesema nimezidisha.) Viboti hivyo viliiteka meli ya Wajerumani, Kingani, Desemba 1915, na Februari 1916 vikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Götzen havikuigusa. Wabelgiji walipokaribia, Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi.

"Lakini kwanza waliipaka grisi," akasema Babu Stima, na hapa akashusha sauti hadi watu wakainama mbele. "Injini yote. Kila kiungo. Kama unavyompaka mtoto mafuta kabla hajatoka kwenye baridi. Walijua watarudi. Hawakurudi. Wabelgiji wakaiinua, ikazama tena. Mwingereza akaitoa mwaka 1924, baba yangu yupo kwenye kazi ile. Alisema walifuta grisi kwa matambara, na chini yake chuma kinang'aa kama kijiko kipya."

Banda likawa kimya kabisa. Unasikia jenereta tu na mvua inaanza.

Halafu kijana mmoja wa Kibirizi akasema kwa adabu zote, "Babu, hiyo tamu. Ila sisi tumelipa mia. Mwambie huyu arudishe nyuma tuione ikilipuka."

Nikarudisha. Babu Stima akasogeza kiti chake mbele, karibu magoti yaguse kioo. Ikalipuka. Wakataka tena, ikalipuka tena. Nilijitahidi nione kama naye alipiga makofi, lakini palikuwa na giza, na alinipa mgongo.

Tangu usiku ule picha la vita nalipima kwa chumba cha injini. Likikosea bendera nasamehe, hata hicho kifaru cha mwanangu nakisamehe. Ila nikiona moshi nataka kujua nani anachochea: nani kabeba sanduku, nani kapika ule ugali wa wanajeshi. Sijui kama ni kipimo cha haki. Picha linalowaonyesha wote hao huenda lisingeingiza hata ile mia. Na aliyepaka grisi hana mlipuko wa kutuonyesha, masikini, ingawa ndiye aliyefanya wajukuu wa Kigoma wapande meli ileile miaka themanini baadaye.

Sasa kuna jambo. Hadithi hii naisimulia siku zote na mwisho mwingine. Meli inazama kwenye kioo, na wakati huohuo honi ya Liemba inalia bandarini, ndefu, ya kweli, na banda zima linakimbilia mlangoni. Watu huipenda sana sehemu hiyo. Kwenye harusi ya shemeji yangu kuna mama mmoja alitoa machozi. Jumamosi nilimsimulia mwanangu hivyohivyo, na honi yake.

Alisikiliza hadi mwisho. Akachukua simu.

"Ulisema mkesha wa Pasaka, 1998?"

"Eh."

"Tarehe 11 Aprili. Mwezi mpevu, kweli." Akaendelea kubonyeza. "Lakini hapa wanasema Liemba ilikuwa inatoka Kigoma Jumatano, Ijumaa iko Mpulungu, Zambia, inarudi Jumapili."

Mama yake akajifanya anatafuta rimoti.

"Kwa hiyo honi haikulia."

"Haikulia."

"Ulidanganya."

"Nilitafsiri," nikasema.

Akaiweka simu juu ya meza, kioo chini. Akafikiri kidogo.

"Na wale wa chini?"

Nikamwambia abonyeze, picha liendelee.